Nani anatoboa kapoti za Kamina?

Saa tano asubuhi, mbele ya stesheni ya Kamina, Kyabu Ngoie anamimina maji ndani ya kondomu, ile ambayo watu wa hapa wanaiita kapoti. Anamimina taratibu kutoka kwenye bidoni ya njano, kikombe baada ya kikombe, na kondomu inanenepa mkononi mwake mpaka inafanana na papai la kuuza bei kali.

Watu kama arobaini wamemzunguka. Wengi wanangoja treni ya Bukama, ambayo ilitakiwa kufika juzi. Hawana haraka. Wana muda wa kutosha wa kumshuku mtu vizuri.

"Maman, angalia itakupasukia ku macho!" anapiga kelele Timothée, dereva wa pikipiki aliyekaa juu ya chombo chake kama jaji.

"Ikipasuka utanicheka," Kyabu anamjibu. "Isipopasuka, utakamata yako?"

"Minyi? Hapana! Hii kintu iko ya bure. Dawa ya malaria tunalipa, kitabu ya mutoto tunalipa, lakini kapoti njo bure? Mutu wa Bulaya anatupenda pa hapo tu?"

Watu wanacheka. Kyabu pia anacheka. Anafunga fundo, anainua kondomu juu, anaigeuza. Halidondoki hata tone.

"Weka ku jua sasa!" anaamuru mzee mmoja. "Mafuta yake ikipata jua inageuka minyo."

Hiyo habari ya minyoo inajulikana Kamina nzima. Hakuna aliyeiona, ila kila mtu ana shemeji aliyeiona. Kyabu anaiweka kondomu juu ya jiwe lenye jua, anakaa kando yake, na watu wazima arobaini wanangoja minyoo. Baada ya nusu saa, kitu kinatembea juu ya kondomu.

"Njo ile!" anaruka Timothée.

"Ile iko siafu, baba," anasema Kyabu. "Imetoka ku kiatu yako."

Kyabu ana miaka hamsini na mmoja na watoto wanne. Kwa miaka tisa amekuwa mjumbe wa afya wa mtaa, wale ambao watu wa hapa wanawaita reko. Mshahara hana. Kampeni ikipita anapewa kama dola kumi na tano, na kuna mwaka kampeni zilipita mbili tu. Kinachomlisha ni shamba la karanga na mikate anayokaanga asubuhi. Katoni za kondomu anazibeba kichwani kutoka kituo cha afya, kilomita sita kwa mguu.

Ukimuuliza kwa nini anajisumbua, anataja jina la dada yake, Tshiala. Tshiala alikufa kwa ukimwi akiwa na miaka ishirini na tisa, lakini katika familia hakuna aliyelitaja hilo neno. Walitafuta mchawi. Wakampata: mjomba wao, mtu mpole wa kutengeneza viti. Walimfukuza, akaenda kuishi Kabondo-Dianda, akafia kule.

"Hakuna hata mumoja mwenye alienda kumuomba pardon," anasema Kyabu. "Hata minyi. Nilikuwa mukubwa, nilikuwa najua, na nilinyamaza."

Ndiyo maana kisa cha mwezi wa tatu kilimkosesha usingizi.

Ili kisa kieleweke, lazima kujua Kyabu alikuwa anagawaje. Wanaume wa Kamina hawapendi kuonekana wakiingia kituo cha afya kuomba kondomu. Lakini mwanaume akiinama juu ya samaki sokoni, nani atamuuliza kitu? Basi Kyabu aliongea na Nathalie Monga, rafiki yake tangu miaka ishirini iliyopita, anayeuza kambale wa moshi kutoka Bukama. Nathalie na wenzake watano wakakubali kuweka pakiti kati ya samaki. Mtu ananunua kambale wake, anaongezewa pakiti, anaenda zake.

Iliendelea hivyo miezi minane. Pakiti zilikuwa zinakwisha. Kyabu alikuwa anaimba njiani.

Mwezi wa tatu, asubuhi, Gracia, mshona nguo wa miaka ishirini na nne, alisimama mbele ya mikate ya Kyabu bila salamu.

"Maman, kapoti yako iko na kitundu."

"Kitundu gani, mwanangu?"

"Kitundu ya kupitisha mutoto."

Gracia alikuwa na mimba ya miezi miwili. Mchumba wake, Matthias, alikuwa amekwisha kupanda treni kurudi kwao Bukama. Kabla ya kuondoka alimwachia maneno: weye iko fundi ya nguo, uko na sindano mu nyumba, weye mwenyewe njo ulitoboa juu ya kunifunga.

"Nilimwapia," anasema Gracia. "Alicheka tu. Mutu wa cherehani, nani atamuamini?"

Kamina ni mji ambao treni inaweza kuchelewa siku nne, lakini uvumi hauchelewi hata dakika. Kufika Jumapili kila mtu alikuwa na mtoboaji wake. Wengine walisema ni Bulaya, wanataka kupunguza watu. Wengine walisema ni wakubwa wa kanisa, wanataka kuongeza watu. Lakini wengi waliangukia Sudi Ismaeli.

Sudi ana duka la sabuni na sukari karibu na soko. Babu yake alitoka Maniema na biashara. Kwa sababu duka lake ni kavu na lina kufuli nzuri, Kyabu alikuwa anaweka katoni zake kule. Hiyo ilitosha. Wateja walianza kupita mbele ya duka bila kugeuza kichwa. Mtu mmoja aliandika kwa mkaa kwenye mlango: MTOBOAJI.

"Minyi nilizaliwa hapa," anasema Sudi. "Baba alizaliwa hapa. Lakini kitu ikiharibika, banakumbuka babu alitoka wapi."

Na Kyabu? Anainamisha macho kabla ya kukubali.

"Nilimushuku. Nilienda ku duka yake nasema nakuya kuangalia kartoni. Kumbe nilikuwa namuangalia yeye, mikono yake."

Lakini safari hii hakutaka kubaki na macho tu. Alichukua pakiti thelathini kutoka katoni ambazo hazijafunguliwa, akaomba na pakiti thelathini kutoka kwa wauza samaki. Akajifungia uani na bidoni ya maji. Za kwa Sudi, zote thelathini zilishika maji. Za sokoni, zilizopakaa mafuta ya samaki mpaka tundu halionekani, ishirini na sita zilimlowesha mpaka magoti.

Kumbe zilikuwa zinatobolewa kati ya duka na samaki. Na hapo katikati walikuwapo rafiki zake.

Kesho yake alienda kukaa karibu na Nathalie, akajifanya amekuja kupiga story. Alikuwa anamenya karanga, jicho moja kwenye karanga, jicho la pili kwa Nathalie. Saa nzima hakuona kitu. Kisha Nathalie akavuta kapu, akatoa sindano kubwa ya kushonea magunia, akatia uzi, na akaanza kutunga pakiti. Moja, mbili, tatu. Sindano inaingia katikati, inatoka nyuma. Kumi zikifika, anafunga fundo na kutundika kamba juu ya kambale.

"Nathalie! Unafanya nini?"

"Natunga."

"Unatunga nini?"

"Bintu yako. Kumi kumi, sawa samaki. Ikibakia ovyo inapotea, inalowana. Na muteja anaona hesabu yake iko sawa."

"Lakini unapitisha pa katikati!"

"Pembeni inapasuka," Nathalie alimjibu, na kwa sauti ya mtu anayejua kazi yake. "Minyi niko napika na natunga samaki tangu niko mutoto. Unataka kunifundisha sindano?"

Watu wa samaki wa Bukama wanatunga kila kinachohesabiwa. Nathalie hakuwahi kufungua pakiti hata moja kuona kilicho ndani. Ni mjane, na anasema hakuwa na sababu. Aliona mraba mdogo unaong'aa, akautunga vizuri. Kisha akawafundisha wenzake watano.

Na kuna jambo ambalo Kyabu analieleza kwa shida zaidi ya yote.

"Ile kamba nilikuwa naiona. Miezi munane, kila mara napita, naiona juu ya samaki. Nilimwambia hata: Nathalie, uko na kazi ya muzuri, iko propre, safi kabisa. Sikusogea karibu. Nilikuwa nashuku Bulaya, nilikuwa nashuku Sudi. Rafiki yangu sikumuangalia hata mara moja, juu iko rafiki."

Nathalie alipoelewa, alilia. Kisha akafuta machozi na kuleta ushauri.

"Kyabu, sema njo Bulaya."

"Nathalie!"

"Sema tu. Bantu banaamini tayari. Bulaya iko mbali, haitakuya kunipiga. Lakini ukisema njo ba maman ba samaki, kesho nitauzia nani?"

Kyabu anakubali kwamba ushauri huo aliulaza kichwani siku mbili. Ungemwacha na rafiki yake, ungemwacha na jina lake. Lakini kamba zile zilikuwa zimetoa pakiti kama mia sita. Waliozichukua walilala na watu wakiamini wamejikinga. Hana majina yao, kwa kuwa hiyo ndiyo ilikuwa ahadi yake: samaki, pakiti, hakuna anayeuliza. Kama angesema ni Bulaya, wangekasirika na kubaki nyumbani. Yeye alitaka waje kupimwa damu.

Kwa hiyo alianza kwa Sudi. Alienda na ndoo na brashi, akasugua mlango mwenyewe mchana, barabara nzima ikimwona. Sudi alitoka akasimama kando ya ndoo.

"Mama Kyabu, weye pia ulinishuku?"

"Ndiyo, Sudi. Nikusamehe?" Alikuwa amechanganya maneno kwa haya. "Unisamehe."

"Ile herufi ya M bado inaonekana," alisema Sudi. "Sugua tena."

Siku ya soko Kyabu alisimama juu ya gunia la muhogo, sindano mkononi, akasema yote. Hakutaja jina la mtu. Alisema: sisi njo tulitoboa, na minyi niliona nikasifu. Mwenye alikamata pakiti kwa samaki, aende akapimwe, hakuna atakayeulizwa kitu.

Kisha sauti ikatoka kwa wauza mkaa: "Bulaya ilikulipa ngapi, juu ya kuifunika?"

Wapo wanaosema hivyo mpaka leo. Wengine wanasema kipimo chenyewe ndicho mtego, damu inauzwa. Wiki tatu Nathalie hakuuza hata mkia wa kambale, maana jina linajulikana hata lisipotajwa. Gracia alisikia yote akiwa amesimama mbele kabisa, mkono kiunoni.

"Kumbe sikutoboa," alisema. Akarudi kwenye cherehani yake.

Mpaka juma hili, watu hamsini na watatu wamepimwa. Majibu yao Kyabu hayasemi, hata ukimbembeleza. Nathalie alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono wake, mjane asiye na sababu, ili watu waone kwamba sindano ya kituo haimuui mtu. Pakiti sasa zinakaa ndani ya kopo lenye kifuniko, na wauza samaki wote sita wamefungua moja na kuishika kwa mikono yao, kwa makelele na vicheko vya kuziba macho.

Watu hamsini na watatu, pakiti mia sita. Kyabu anajua baadhi ya zilizobaki zilikwenda wapi: kamba saba zilipanda treni kwenda kwa wifi wa Nathalie, anayeuza kwenye bandari ya Bukama. Treni ikifika, Kyabu na Nathalie wanapanda. Wataongea na watu wa mitumbwi, na watamtafuta Matthias. Gracia, mimba ya miezi saba, amekataa kwenda.

"Siendi kumulilia," anasema. "Mumwambie apimwe. Ya mutoto tutaona kisha."

Nathalie amesema Bukama atasimama na kuongea yeye mwenyewe, kwa jina lake, maana kule ni kwao na watamjua tu. Kyabu hana hakika kama watasikilizwa.

"Banaweza kutufukuza," anasema. "Iko haki yao. Minyi siendi juu banipende. Bapimwe, hata Matthias. Kisha banitukane mupaka bachoke, nitakaa nabasikiliza."