Kumi Ukutani, Saba na Nusu kwenye Mota

Dada yangu mkubwa husaga mahindi Kampemba, na mtaani kwake akina mama huchagua mashine kwa namba iliyopakwa rangi ukutani: idadi ya shevo, kipimo cha nguvu tulichokirithi pamoja na Kifaransa. Huamini kwamba shevo nyingi ndizo zinazotoa unga laini wa bukari, ugali wetu. Ukuta wake ulisema 10.

Mota yake ya fezi tatu ilipoungua, fundi alimfungia nyingine, ambayo bati lake lilisomeka kilowati 7,5. Kwa uaminifu wake, akaifuta 10 ukutani na kuandika 7,5. Wateja wakahamia kwa jirani mwenye 10. Dada akaniita, kwa kuwa mashine hiyo ndiyo inayomlisha yeye na wajukuu wake.

Nilitoka kwangu Makomeno bila haraka. Nimefundisha fizikia maisha yangu yote, na sasa hata kuzidisha kunanichosha. Shevo moja ni kilowati 0,736; kumi ni kilowati 7,36. Mota mpya iliizidi ile ya zamani, japo kwa kiasi kidogo mno.

“Yaya, nguvu haikupunguka,” nikamwambia dada.

“Ambia bale banamama, haina miye,” akajibu; yeye hakuhitaji kushawishiwa.

Nikakaa mlangoni. Mama mmoja mwenye beseni la mahindi kichwani akasimama, akasoma ukuta.

“Mama, moteri yako ilikonda?”

“Uliza mwalimu,” dada akajibu.

Nikaanza upya: shevo, kilowati, 0,736. Alinisikiliza kwa heshima hadi mwisho.

“Aksanti, mwalimu. Lakini kumi iko kumi, saba iko saba.” Akaenda kwa jirani.

Wa pili vilevile. Wa tatu nilimweleza nikiwa nimefumba macho.

Jioni dada alileta kopo la rangi. “Sasa andika mu shevo.”

Nikagawanya, nikapata 10,19, nikaanza kuandika.

“Ndugu yangu, ile mukia ni ya nini? Itabafukuza tena.”

Nikaishia kwenye 10, nikaongeza neno shevo, maana namba isiyo na kipimo chake ndiyo iliyotuponza.

Nililala kwake. Asubuhi yule mama wa beseni alifika wa kwanza. Mahindi yake yaliposagwa, alichota unga kiganjani, akausugua kwa vidole.

“Ee, sasa iko laini! Mulifanya muzuri kubadilisha moteri.”

Dada alinikazia macho nisifungue mdomo. Nisingeufungua hata hivyo, nilikuwa nimechoka.