Kilomita ya Ishirini na Nane

Nilijiingiza kwenye marathoni kwa mdomo wangu mwenyewe. Nauza vitunguu swaumu mjini Mbulu. Mteja mmoja kutoka Dar es Salaam, katikati ya kupatana bei, aliniuliza kama na mimi ni mkimbiaji, maana kila anayemwona kwenye runinga akishinda mbio anaambiwa ametoka huku kwetu. Bei ilikuwa imekaa vizuri, sikutaka mazungumzo yapoe. Nikamwambia ndiyo, nakimbia. Akauliza umbali gani. Nikasema marathoni. Akafurahi kweli, akasema na yeye amejiandikisha mwaka huu, basi tuonane huko. Nilikuwa na miaka arobaini na tatu, na mara ya mwisho kukimbia ilikuwa ng'ombe wa baba walipoingia shamba la ngano la watu.

Ningeweza kutafuta kisingizio. Lakini jioni ile nilijiandikisha kwa simu, nikahakiki fomu mara mbili, na kesho yake alfajiri nikatoka nyumbani kwangu Endagikot kuelekea barabara ya Tumati. Nilikimbia nguzo nne za umeme, nikatembea mbili. Nilizihesabu wakati wa kwenda na wakati wa kurudi, isije ikawa nimejipunja.

Siku ya tatu nikasikia miguu nyuma yangu. Alikuwa jirani yangu wa upande wa chini, kashika fimbo, hana hata viatu.

"Wameelekea wapi?" akauliza huku akihema.

"Akina nani?"

"Hao wezi."

"Hakuna wezi, kaka. Nafanya mazoezi."

Akaendelea kukimbia hatua kama ishirini, miguu ilikuwa haijapata habari. "Mazoezi ya nini?"

"Ya kukimbia."

"Unakimbia ili uweze kukimbia?"

"Ndiyo."

Akaitazama fimbo yake. "Ungesema mapema," akasema, akageuka akarudi kulala.

Simlaumu. Kwetu mtu mzima hakimbii bure. Ukimwona anakimbia, basi kuna msiba, au mifugo imeibwa, au nyumba inaungua, na wewe kazi yako ni kumfuata kwanza, maswali baadaye. Wiki ile ya kwanza niliulizwa mara tano nani amefariki. Mama mmoja alianza kulia kabla sijamjibu.

Halafu zilikuwepo salamu. Kwetu huwezi kumpita mtu mzima hivi hivi. Unasimama, unatoa shikamoo, unaitikiwa marahaba, unaulizwa habari za nyumbani, za watoto, za mvua, za ng'ombe, na wewe unauliza hizo hizo, ndipo unaagwa. Kwenye njia yangu kulikuwa na wazee kumi na mmoja wanaoamka mapema. Nilipima kwa saa ya simu, siku mbili tofauti: salamu zilikuwa zinakula dakika kumi na nne. Nikafanya kama ninavyofanya sokoni, nikaanza kupunguza. Kwanza nikaondoa ng'ombe. Kisha mvua. Mwishowe nikanunua hedifoni.

Zile hedifoni zilifanya kazi kuliko viatu. Mtu akiona nyaya zinaning'inia masikioni anajua hakuna msiba, huyu yuko kwenye mambo yake. Mzee akinyanyua mkono, na mimi nanyanyua, nimeshapita. Wakanizoea. Wakasema huyo hasikii, ameziba masikio. Ukweli ni kwamba mara nyingi hakukuwa na kitu kinachoimba humo. Muziki ulikuwa unanichanganya hesabu ya pumzi. Nilikuwa nazivaa kama mtu anavyoweka kibao cha mbwa mkali getini, na mbwa hana.

Ni mtu mmoja tu niliyeendelea kusimama kumsalimia, mama mjane ambaye boma lake liko kando ya barabara, kilomita mbili kabla ya kufika kwangu. Alikuwa rafiki wa mama yangu. Nyonga yake moja ni mbovu, anatembea kwa kujisukuma. Kila asubuhi alikuwa anakamua ng'ombe wake karibu na njia. Nasema wake, lakini alikuwa wa mzee mmoja wa Gehandu, Hanang, aliyekuwa rafiki wa marehemu mumewe. Huo ndio utaratibu wetu wa siku zote: mwenye ng'ombe wengi anampa mwenzake amtunzie mmoja. Mtunzaji anakunywa maziwa, samadi anapeleka shambani, na ndama wanarudi kwa mwenyewe, ila yule mnayepatana. Wao walipatana ndama wa tatu. Wawili walishakwenda Gehandu. Wa tatu alikuwa tumboni.

"Huyu akija," aliniambia siku moja, mkono wake uko ubavuni kwa ng'ombe, "nitakuwa mtu mwenye ng'ombe. Ukipita utanisalimia kwa adabu zaidi."

"Nakusalimia kwa adabu, mama."

"Unanisalimia kwa haraka."

Wiki chache baadaye na yeye nikaanza kumnyanyulia mkono.

Jumapili ninayotaka kuisema ilikuwa ya kilomita thelathini, mazoezi marefu kuliko yote kabla ya mbio zenyewe. Nilitoka saa kumi na moja alfajiri. Nilikuwa nimejiwekea saa tatu na nusu, na nilipofika kilomita ya ishirini na nane nilikuwa mbele ya muda kwa dakika tatu. Nilizipiga hesabu mara mbili, zikawa tatu kweli. Simu ilikuwa inaonyesha kila kitu. Masikioni hakuna kitu kilichokuwa kinaimba.

Yule mama mjane alitoka hadi ukingo wa barabara. Mikono yake ilikuwa imelowa mpaka juu ya viwiko. Majirani wote walikuwa ibadani, na mke wangu pia, maana anaimba kwaya.

"Mwanangu, simama," akasema. "Ndama amekwama. Sina nguvu za kumvuta."

Nilisikia kila neno. Nimekulia zizini, tangu nina miaka kumi na minne nimevuta ndama wengi, najua unashika wapi na unavuta wakati gani. Kazi ya dakika kumi, labda kumi na tano. Nikamtazama, nikatabasamu, nikanyanyua mkono, nikapita.

Sikusema moyoni kwamba simsaidii. Nilijiambia zimebaki mbili tu, namaliza, nageuka, nusu saa nitakuwa pale. Nimelipima hilo mara nyingi kuliko mbili, na nipo tayari kuapa kwamba nilipanga kurudi. Nilimaliza kwa saa tatu na dakika ishirini na nane. Nikakaa kwenye kizingiti kuvua viatu. Miguu ilikuwa inatetemeka. Nikajiambia ibada inakaribia kwisha, watu watapita pale, watamwona. Nikanywa chai. Nikalala.

Mke wangu alirudi mchana, kanga yake ina madoa.

"Ndama wa mama amekufa," akasema. "Tumemkuta amekaa naye chini. Jike, kazuri. Anasema alikuita ukapita, una vitu vyako masikioni."

Nilikuwa bado kitandani. "Sikusikia," nikasema.

"Ndivyo nilivyowaambia."

Ilitoka kirahisi hivyo, hata sikuitafuta.

Ng'ombe alipona, lakini wa kienyeji hatoi maziwa bila kumwona ndama wake. Mama alijaribu kumwekea ngozi ya ndama na chumvi juu, ailambe. Alilamba siku mbili, siku ya tatu akainusa akageuka. Maziwa yakakauka. Niliyasikia hayo yote nyumbani kwangu, kutoka kwa mke wangu, maana nilikuwa nimebadilisha njia. Nilianza kupitia juu, kwenye mlima. Nikasema ni kwa ajili ya mapafu.

Baada ya wiki mbili mwenye ng'ombe akaja kutoka Gehandu. Ndama akifa, mtunzaji anaonyesha ngozi na kueleza ilikuwaje, na majirani wanakaa wasikie. Na mimi nikaitwa. Tulikaa uani kwa mama kwenye vigoda, watu saba. Niliwahesabu, nikarudia. Mzee alikuwa mtulivu. Aliigeuza ngozi, akaikunja.

"Nyonga yako tunaijua," akamwambia mama. "Hukuweza kuvuta peke yako, hilo halina neno. Uliita nani?"

"Nilimwita huyu. Hakusikia, ana vitu vya masikioni."

Mzee akanigeukia. "Ni kweli, kijana?"

"Nilikuwa nimevaa hedifoni, mzee," nikasema. Hakuna neno moja la uongo humo. Sokoni tunauza hivyo kila siku: unataja kizuri, kilichooza kinakaa chini ya gunia.

Mzee akafikiri. "Mtu aliyeziba masikio humwiti ukaacha," akamwambia mama. "Unamfuata, unamshika nguo. Ng'ombe wangu alihitaji mtu wa kushika nguo." Akasema atamchukua baada ya mnada. Hakumgombeza. Ila mbele ya watu saba alikuwa amesema mama yule hafai kuachiwa mnyama, na kwetu neno hilo likishasemwa uani, hakuna mwingine atakayekupa wa kumtunza.

Mama akasema, "Sawa." Hakunitazama.

Ng'ombe alipoondolewa nilikuwa mlimani, kilomita kumi na mbili.

Mbio nilikwenda. Mteja wangu wa Dar hakuja. Alituma ujumbe kwamba goti linamsumbua. Nilimaliza kwa saa tano na dakika kumi na moja, nyuma ya baba mmoja aliyekuwa anakimbia na mwavuli. Nilivishwa medali. Nilidhani uchovu ungenifuta kichwa, ndivyo wanavyosema wakimbiaji. Miguu ilichoka, kichwa kilibaki na kazi yake ile ile.

Nyumbani walinipokea kwa wimbo, mke wangu na wanakwaya wenzake. Watu wakaishika medali, wakaipima uzito, mmoja akauliza kama inaliwa. Mama naye alikuja, kajikokota kilomita mbili.

"Hongera, mwanangu," akasema. "Umetutoa kimasomaso."

Kesho yake nikaenda kwake kwa kutembea. Zizi lilikuwa tupu, limefagiliwa. Nikatoa shikamoo, akaitikia. Akauliza nyumbani, watoto, mvua. Ng'ombe hakuuliza.

"Mama," nikasema, "siku ile nilikusikia."

"Najua."

Nikakaa kwenye kigoda.

"Ulinitazama machoni ukacheka," akasema. "Mtu asiyesikia hachekei maneno. Nilijua pale pale."

"Mbona ulisema sikusikia?"

"Ningesema alisikia akapita, ungekaa wapi hapa? Ungemuuzia nani? Una watoto. Na mama yako alikuwa mtu wangu." Akasogeza mguu wake mbovu kwa mikono miwili. "Nilingoja utaje mwenyewe siku mzee alipokuuliza. Ukataja vya masikioni."

Nikamwambia nina mtamba nyumbani, nitamleta jioni, awe wake kabisa. Nilikuwa nimeshapanga hata nitakavyomwelezea mke wangu. Mama akanitazama kama ninavyowatazama watu wanaotaja bei kabla hawajaona mzigo.

"Sitaki ng'ombe wa kunyamazia," akasema. "Na usiniambie mimi yaliyotokea. Mimi nilikuwepo. Kamwambie asiyejua."

Nilikwenda Gehandu siku hiyo hiyo, gari hadi Katesh, kisha bodaboda. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, naondoa hili, napunguza lile. Nilipomkuta mzee zizini nikayasema yote jinsi yalivyokuwa, na yalikuwa machache sana. Alinisikiliza huku akimkuna ndama shingoni.

"Ulikuwa unakimbia kwenda wapi?" akauliza.

"Nilikuwa narudi nyumbani, mzee. Nilikuwa nimetoka nyumbani."

"Na nyumbani kulikuwa na nini?"

"Hakuna kitu."

Nikaanza kumweleza habari za mtamba. Akanikata. "Hapa hatupatani bei. Alhamisi nitakuja. Waite wale wale saba."

Alhamisi tukakaa tena uani kwa mama, na nikasema mbele yao kwa mdomo wangu kwamba mama aliita, nilisikia, nikapita. Mke wangu alikuwa miongoni mwao. Alikuwa ameshika kikombe, akakiweka chini polepole, na hakukishika tena. Jirani yule wa fimbo alikuwa anaangalia miguu yake. Mzee akamwambia mama kwamba neno lake la siku ile amelirudisha, na kwamba amekuja na mtamba wa zizi lake, apokee. Patano ni ndama wa kwanza sasa, si wa tatu. Mama akasimama kwa shida akaenda kumpokea kamba. Hakuna aliyenigombeza. Walikunywa togwa, wakaniletea na mimi.

Mwaka umepita. Bado nakimbia, bila hedifoni, na salamu natoa zote, na ng'ombe na mvua. Wananiitikia vizuri. Mama ana ndama wake, dume, lakini ni wake.

Mwezi uliopita ng'ombe wa jirani wa fimbo alikwama wakati wa kuzaa. Ilikuwa asubuhi, nilikuwa uani kwangu nachambua vitunguu, namwona akija mbio, na fimbo yake. Nikasimama. Nikakunja mikono ya shati. Alinisalimia, akapita mlango wangu, akaenda kumwita mtu wa nyumba ya tatu.