Mabomba Matatu na Bunduki Moja Nyepesi

Baba yangu, ambaye nyumbani sote tulimwita papa, alikuwa fundi vyuma kwenye karakana ya reli hapa Lubumbashi hadi alipostaafu. Starehe yake ilikuwa kuwinda. Kila msimu alilipia kibali chake, akachukua ile bunduki ndefu aliyoirithi, akaenda kaskazini kumtafuta nsefu. Huyo ndiye pofu, swala mkubwa kuliko wote, mwenye mwili wa ng'ombe na shingo inayoning'inia. Aliporudi bila kitu hakuonekana kuwa na huzuni. Alipenda kutembea.

Halafu goti lake la kulia likafanyiwa upasuaji. Daktari alimruhusu kutembea, ila alimkataza kubeba vitu vizito. Papa alikuwa anakaribia miaka sabini. Sisi watoto tulidhani mambo ya kuwinda yamekwisha, na mama alishaanza kusema kwamba ile bunduki irudishwe serikalini.

Papa hakubishana naye. Asubuhi moja nilifika kwao, mtaa wa Makomeno, nikamkuta uani na msumeno wa chuma, anakata bomba la maji.

"Unatengeneza nini, papa?"

"Bunduki," alijibu bila kuinua kichwa. "Kaa pale, mama, utanisaidia."

Huniita mama kwa sababu nimepewa jina la mama yake.

Alikata mabomba matatu ya urefu mmoja, akayajaza mchanga na vipande vya chuma, akawa anayapima kwenye mizani ya jikoni. La kwanza lilikuwa na kilo nne na nusu, sawa na bunduki yake ya zamani. La pili kilo tatu na nusu. La tatu kilo mbili na nusu. Kila moja akalifunga mkanda wa kuning'iniza begani. Kisha akachora alama ya mkaa kwenye ukuta wa nyuma wa nyumba, ndogo kama kifungo cha shati.

Tangu siku ile, kila asubuhi alizunguka mtaa mzima na bomba begani, mwendo wa saa moja. Majirani walimsalimu kwa heshima, halafu wakaniuliza pembeni kama kichwa chake kiko sawa. Akirudi, kabla hajapumzika, alinyanyua bomba kama bunduki na kuelekeza ncha yake kwenye alama ya mkaa. Kazi yangu ilikuwa kusimama nyuma yake, niangalie ncha inavyotikisika na kumwambia ukweli.

Bomba zito lilimrudisha nyumbani akihema, goti limevimba. La kati nalo lilimchosha, ila si sana. Lile jepesi kabisa alirudi nalo akiwa na nguvu zake zote, nami nikafurahi, nikadhani tumepata jibu. Lakini alipolinyanyua, ncha ilirukaruka kama mdomo wa kuku anayedonoa.

"Inacheza mingi, papa."

"Naona." Akalishusha, akaketi kwenye kiti. Aliligeuzageuza mikononi. "Iko mwepesi mubaya," alisema mwishowe. "Uzito haiko fasi yake, haiko mahali yake."

Akalifungua bomba lile jepesi, akatoa mchanga kidogo upande wa nyuma, akatia vipande vya madini ya risasi vya uzito uleule upande wa mbele. Uzito haukubadilika hata kidogo. Akalinyanyua tena. Safari hii ncha ilikwenda taratibu hadi kwenye alama, ikatulia. Nilimwambia nilichokiona. Alitabasamu, akaniomba chai.

Nimefanya kazi na watu waliosoma sana. Sijamwona mwingine aliyejiuliza swali moja, kwamba ataweza kubeba na kutuliza bunduki ya uzito gani, kwa wiki tano kwa miguu yake mwenyewe, akakubali kila jibu, hata lile asilolipenda.

Ndipo tukaenda mjini kwa muuza silaha. Alikuwa mwanaume mnene, mwenye adabu, na alitutolea mara moja bunduki aliyojivunia, yenye kitako cha plastiki na mtutu mwembamba.

"Papa," alisema, akimwita kama wazee wote wanavyoitwa huku, "hii njo ya mwisho, mupya kabisa. Iko mwepesi sawa fimbo. Bazee bote banaipenda."

Papa aliiweka juu ya kidole kimoja, mbele kidogo ya kifyatulio. Ikainama nyuma. Akairudisha kwa mikono miwili.

"Hapana. Lete ingine."

Alijaribu tano kwa kidole kile. Ya tano ilikuwa na kitako cha mbao, mtutu mfupi lakini mnene, na uzito wake ulizidi kidogo tu kilo tatu. Ilikaa juu ya kidole chake bila kuinama upande wowote.

Muuzaji alimtahadharisha. "Hii itakupiga teke, papa. Bunduki ikiwa nyepesi, bega njo inalipa. Chukua ya risasi ndogo, utapumzika."

"Nsefu iko sawa ngombe," papa alisema. "Ukimupiga na karisasi kadogo, anakimbia, anaenda kufia mbali. Afazali bega yangu iumie."

Akalipa. Nilimwona muuzaji akiangalia ile bunduki upya, kama ameletewa kutoka kwingine.

Msimu ulipofunguliwa nilimsindikiza papa, kwa amri ya mama. Tulikwenda siku moja na nusu kwa barabara mbaya ya Kilwa, ile ya huku kwetu, si ya pwani, kisha tukaingia porini na mfuata nyayo wa huko, mtu wa makamo asiyependa maneno mengi. Siku mbili tuliona nyayo tu. Siku ya tatu, kabla jua halijawa kali, tulipanda kilima haraka, na juu yake mfuata nyayo alituonyesha nsefu wanne wakila majani kwenye uwazi. Mmoja alikuwa dume mkubwa wa rangi ya kijivu.

Papa alinyanyua bunduki. Ilitulia. Nilisubiri mlio. Akaishusha.

"Papa, njo saa," mfuata nyayo alinong'ona.

"Moyo inapiga mingi. Tumepanda mbio. Nikipiga sasa nitamuumiza bure."

Wanyama walitusikia au walihisi harufu yetu, wakaondoka. Mfuata nyayo alitazama chini. Tuliwafuata zaidi ya saa moja kwenye majani marefu, na nilipoona papa anachechemea nilinyoosha mkono nimbebee bunduki.

"Wacha," alisema. "Niliitafuta hii juu ya kuibeba mwenyewe."

Tuliwakuta wamesimama kwenye kivuli cha miti. Papa aliketi chini, akaegemeza bunduki kwenye fimbo yake ya kutembelea, akavuta pumzi, akaitoa, akavuta tena. Alipiga risasi moja. Yule dume alitembea hatua chache, akapiga magoti, akalala. Hatukulazimika kumfuata.

Papa alivua kofia, akapiga ishara ya msalaba, akabaki pale hadi mnyama alipotulia kabisa. Kisha akamwambia mfuata nyayo awaite watu wa kijiji, maana nyama ile sisi watatu tusingeimaliza. Walikuja wengi, na visu na mabeseni. Mfuata nyayo aliomba aishike bunduki. Aliiweka begani, akaielekeza kwenye kichuguu cha mbali.

"Inatulia," alisema.

"Iko vizuri," papa alijibu, na nadhani hiyo ndiyo sifa pekee aliyowahi kuitoa kwa kazi yake mwenyewe.

Nyumbani, alipokuwa anavua shati, mama aliona doa jeusi begani, kubwa kama kiganja. Alipasha moto kitambaa, akamkanda. Nilijua anasubiri papa alalamike, ili amwambie basi, imetosha.

"Inauma?" mama aliuliza mwishowe.

"Inauma," papa alisema. "Kanda na huku juu."

Mama akakanda na huku juu.