Siku Niliyokuwa Kitale Nikiwa Chumbani Kwangu Bungoma

Mkinipata Bungoma mjini na mtu aniulize, "Barasa, umerudi lini kutoka Kitale?" halafu wenzake waanze kucheka, msidhani hiyo ni salamu. Hiyo ni aibu yangu, imeshajua kutembea mjini peke yake, na afadhali niwaeleze mimi mwenyewe ilivyozaliwa, maana Mama Rebeka, rafiki wa mama mkwe wangu, ameshaieleza soko zima la Kamukuywa na kila akiieleza anaongeza chumvi (mara ya mwisho nilisikia ati nilikuwa uchi, na huo ni uongo, nilikuwa na kaptura).

Ilianza na kaseti. Mama mkwe wangu, mama yake mke wangu Nekesa, anakaa Sirisia, na mumewe, Mzee Simiyu, alikuwa mpigaji wa litungu, ile ala yetu ya nyuzi, mpigaji wa kuitwa kwenye harusi mpaka Webuye. Mimi sikumkuta. Alifariki kwa ugonjwa wa kifua kabla sijamjua Nekesa, na kilichobaki cha mikono yake ni kaseti moja tu, aliyojirekodi mwenyewe nyumbani siku fulani ya mvua. Redio ya kule Sirisia ilikufa zamani, kwa hiyo mama alikaa miaka na ile kaseti ndani ya sanduku la nguo bila kuisikia, mpaka Nekesa akamwambia kuwa mumewe anajua mambo ya kompyuta. Kaseti ikaletwa ikiwa imefungwa kwenye leso, na mimi kwa mdomo wangu huu nikasema hiyo ni kazi ya siku moja, mama atapata kila kitu kwenye flashi. Hiyo ilikuwa wakati wa palizi. Mahindi yakakomaa, yakavunwa, yakakauka, na kaseti iko palepale juu ya kabati.

Kisingizio changu kilikuwa hedifoni. Nilimwambia Nekesa kazi ya sauti ya zamani haiwezi kufanywa na vile viwaya vya simu, lazima nipate kitu cha maana (ukweli ni kwamba nilikuwa nazitaka kwa ajili ya gemu, lakini ukweli mwingine mtu anauweka akiba). Sasa mimi nafanya kazi kwenye duka la mbegu, na nikitumwa Kitale kuleta mzigo nikimaliza huwa napita duka la Mwanaisha, nyuma ya msikiti, mama mmoja anayeuza vitu vya sauti na anavijua kama mimi ninavyojua dawa ya kupe. Siku hiyo akaniwekea aina mbili mezani, zote za waya, nikavaa ya kwanza, ilikuwa sawa, nikavaa ya pili, na hapo, jamani, nikaivua haraka nikamwambia, "Dada, umesahau kuunganisha, muziki unatokea kwa spika yako."

Akacheka. "Spika imezimwa. Vaa tena."

Nikavaa tena. Sijui niwaeleze vipi. Ulikuwa wimbo wa rumba ambao nimeusikia maisha yangu yote kwenye redio za vinyozi, na kumbe sikuwahi kuusikia, maana gitaa la pili lilikuwa limesimama kule karibu na mlango, ngoma nyuma ya bega langu, na yule mwimbaji, kabla ya kuanza ubeti, alivuta pumzi. Mtu alivuta pumzi miaka mingi iliyopita na mimi nikaisikia nikiwa Kitale nimebeba karatasi ya kuchukulia mbegu. Nilitaka kulia na sikujua kwa nini.

"Hizo ziko wazi nyuma," Mwanaisha akanieleza, akinionyesha ule wavu wa chuma. "Hizi zingine zimezibwa, hakuna kinachotoka wala kuingia. Hizo za wazi zinapumua, ndiyo maana unasikia chumba kizima. Lakini zinavuja. Aliye karibu anasikia unachosikia, na wewe unamsikia yeye. Unakaa na nani?"

"Peke yangu." (Nina mke na mtoto.)

"Nyumba iko na silingi?"

"Iko."

Haiko. Nyumba yangu ni ya kupanga, haina dari, kuta zake zinaishia chini ya mabati na juu hapo ni uwazi mtupu, mtu akipiga chafya jikoni unamwambia afya ukiwa umelala chumbani, na chumba chenyewe hakina mlango, kina pazia. Lakini niliogopa nikisema ukweli Mwanaisha ataniuzia zile za kuzibwa, kwa sababu ni mwaminifu, na moyo wangu ulikuwa umeshaoa zile za wazi. Huo ndio uamuzi mdogo ulioizaa aibu yangu. Mengine yote ni watoto wake.

Nikaja nazo nyumbani na waya wake mrefu, mita tatu, na wiki tatu nzima sikugusa kaseti. Gemu ndani ya hizo hedifoni si gemu tena. Mvua inanyesha juu yako, adui anatembea nyuma yako, mara ya kwanza niligeuka nikatazama kabati nikiwa na hakika kuna mtu. Nekesa alikuwa akipita ananiangalia tu, kisha anaangalia kaseti, kisha anaenda zake.

Ndipo ikaja Jumamosi moja, mchana wa saa nane, simu ya Nekesa ikalia na nikamwona anasimama wima.

"Ni mama," akasema. "Wameshuka stegi ya matatu na Mama Rebeka. Wanakuja kuchukua flashi."

Mimi nilikuwa na kaptura na fulana yenye tundu kwapani. "Mwambie nimeenda Kitale."

"Barasa."

"Mwambie nimeenda Kitale kazini. Wewe wape chai, mimi nitaingia chumbani niimalize sasa hivi, upande mmoja ni nusu saa tu, kisha utasema niliacha kila kitu tayari."

Kwa wasiotujua, kwetu Wabukusu mkwe na mama mkwe ni watu wa kuheshimiana kwa umbali. Hatupeani mikono, hatukai meza moja, nikikutana naye njiani mimi ndiye ninayepisha, na kuonana na mama mkwe ukiwa umevaa ovyo ni jambo la kutafutiwa mbuzi wa faini na wazee wa kusuluhisha. Kwa hiyo mkwe kuwa safarini mama mkwe anapokuja si kitu cha kushangaza, ni kama adabu nzuri tu, na mimi nikajificha nyuma ya hiyo adabu. Nekesa hakupenda, lakini mlango ulikuwa unabishwa.

Nikaingia, nikavuta pazia, nikavaa hedifoni. Katika haraka hiyo nilisahau gemu ilikuwa bado inaendelea, risasi zikamwagika, na kwa kuwa zile hedifoni zinaingiza na sauti za nje pia, nikamsikia Mama Rebeka sebuleni, vizuri kabisa.

"Nekesa, ni nini inalia huko ndani?"

"Ni panya, mama."

"Panya ya kupiga bunduki?"

Na mimi, mtu mzima, karani wa mbegu, nikainama kuangalia chini ya kitanda kama kweli kuna panya. Haikunijia kabisa kwamba panya ni mimi. Nikafunga gemu, nikaweka kaseti kwenye ile redio niliyoazima kwa jirani yangu Mzee Hamisi, fundi cherehani, nikaiunganisha na kompyuta, nikabonyeza.

Sauti ilikuwa chini, imechoka kwa uzee. Nikapandisha. Nikapandisha tena mpaka mwisho.

Kisha nikakaa kitako polepole, maana nilikuwa nimeingia nyumba ya watu. Mvua ilikuwa juu ya mabati, mabati yao si yangu. Kigoda kililia mtu alipojisogeza. Kuku alikuwa mahali kwenye kona ya kushoto, analalamika. Halafu vidole vikaanza kwenye nyuzi, na nilisikia ngozi ya kidole ikiuacha uzi kabla uzi haujalia, nikasikia mzee anahema, na nywele zikanisimama, kwa sababu huyu mtu ambaye sikumjua, ambaye picha yake naiona ukutani tu akiwa amenuna, alikuwa amekaa karibu nami kiasi cha kuguswa goti. Niliona aibu. Nilikuwa nimemweka juu ya kabati msimu mzima.

Akaacha kupiga. Akaita, kwa Kibukusu, kwa sauti ya mtu aliye nyumbani kwake: "Nafula. Uko wapi?"

Nafula ndilo jina la mama mkwe wangu, na hakuna mtu aliye hai anayemwita hivyo, kila mtu ni Mama Nekesa, Mama Nekesa.

"Nafula, mbona umenyamaza? Uko wapi?"

Nikasikia sauti ya mwanamke mzee ikijibu, "Niko hapa, Simiyu." Na punde tu baada yake, kwenye sikio la kulia, sauti ya mwanamke kijana ikicheka kidogo: "Niko hapa, Simiyu."

Nilidhani kaseti imeharibika, inarudia. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ile ya kwanza haikutoka kwenye kaseti.

Hebu wekeni akilini walichokuwa nacho wale wamama sebuleni. Nyumba haina mwanamume, mwenye nyumba yuko Kitale. Wanakunywa chai. Na kutoka chumbani, kwa sauti nyembamba ya mbali, marehemu anamwita mkewe kwa jina. Mama Rebeka alipiga yowe moja, akakemea kila pepo anayemfahamu, meza ikaenda, chupa ya chai ikaenda, yeye mwenyewe akaenda, kiatu kimoja ndani na kimoja mguuni, na huko uani nikamsikia anatangaza, "Simiyu ameludi! Ameludi kuchukua bibi yake!" Wapangaji wote wa ploti wakatoka. Mzee Hamisi akaingia na rula yake ya chuma akiuliza mwizi yuko wapi.

Nami nikaona lazima niokoe hali, nikasimama. Sikuivua hedifoni. Nilitembea hatua tatu za haraka, waya wa mita tatu ukafika mwisho wake ukanirudisha shingo, nikashika pazia nisianguke, pazia likaja na fimbo yake, na mimi nikatua sebuleni juu ya mikate ya chai iliyoanguka na meza, kwa magoti, na kaptura yangu, na tundu la kwapa, miguuni pa mama mkwe wangu.

Hakupiga kelele. Alikuwa amesimama palepale alipojibia, mkono kifuani. Akanitazama kufumba na kufumbua, kisha akajifunika uso kwa leso akageukia ukuta. Mzee Hamisi akashusha rula. Mlangoni kulikuwa na vichwa kama kumi, kimojawapo cha Mama Rebeka.

"Kumbe Kitale siku hizi iko hapa," Mzee Hamisi akasema taratibu.

Nyuma yangu nikasikia kitu kibaya kuliko kicheko: redio ilikuwa imevutwa na waya ikaanguka juu ya kitanda, na inatafuna utepe. Nikarudi chumbani kwa magoti. Utepe ulikuwa nje, umejikunja kwenye magurudumu. Ile kaseti moja, ya mtu mmoja. Nikautoa kidogo kidogo, nikaunyoosha kwenye goti, nikachomeka kalamu kwenye tundu la kaseti nikaanza kuuzungusha ndani, na wale wa mlangoni wakanyoosha shingo kutazama, maana Nekesa alikuwa amewaambia ni nini.

Ulikuwa na mkunjo, haukukatika. Nikamwambia Nekesa, "Haujakatika."

Tukasikia mama akimwambia binti yake, bado ameangalia ukuta, "Muulize kama naweza kusikia."

Sasa angalieni adabu ya watu ilivyo na akili. Nekesa alitundika leso pale palipokuwa na pazia. Akaweka kigoda upande wa sebuleni, mama akakaa akiipa leso mgongo. Mimi nikakaa chini upande wa chumbani, mgongo kwa mgongo, na waya ukapita chini ya leso, mita tatu, ukatosha na kubaki. Nekesa akamvika hedifoni juu ya kitambaa cha kichwa. Nikairudisha kaseti mwanzo, nikabonyeza.

Kwa vile zile hedifoni zinavuja, nasi tulisikia, kwa mbali, mvua ile ya zamani. Mama Rebeka aliingia kutafuta kiatu chake akakaa chini nacho mkononi. Mzee Hamisi akavua kofia. Mama hakusema kitu upande wote ule wa nusu saa, isipokuwa mara mbili. Mara ya kwanza alisema, "Huyo kuku ni ule mweupe." Mara ya pili, karibu na mwisho, alisema, "Alikuwa anakohoa hata hapo. Mimi sikusikia." Na kupitia leso nikahisi mgongo wake ukitetemeka, nami nikainamisha kichwa, nikalia kimyakimya kwa ajili ya mtu niliyemjua kwa nusu saa.

Ilipoisha alizivua mwenyewe, akampa Nekesa kwa mikono miwili. Nilingoja habari ya mbuzi. Nilishaanza kufikiria ni yupi.

"Nekesa," akasema, "huyo bwana yako akitoka Kitale, mwambie nimeshukuru sana."

"Nitamwambia, mama."

"Na umwambie avae shati. Huko Kitale kuna baridi."

Mbuzi hakutajwa mpaka leo, kwa sababu mtu aliye safarini haonekani. Flashi aliipata jioni ileile, na kila akija Bungoma kigoda kinawekwa kando ya pazia na waya unapita chini. Gemu bado nacheza. Lakini nimeapa mambo mawili: Mwanaisha akiniuliza nakaa na nani nitamtajia mpaka kuku, na mama mkwe akibisha hodi, hata niwe na tundu kwapani, nitaita kutoka nyuma ya pazia kwamba niko hapa.