Mgongo wa Mama kwa Tablet

Kuna watu wakinusa chapati wanakumbuka nyumbani. Mimi nikipita nje ya saluni na inipige ile harufu kali ya dawa ya kulainisha nywele, nakumbuka intaneti. Usicheke bado, ngoja nikueleze.

Tulikuwa tunaishi Karagita, Naivasha, mimi na mama, chumba kimoja kwa plot ya mabati. Mama alikuwa anafanya kazi kwa kampuni ya maua. Nilikuwa na miaka tisa, likizo ya Aprili, na kazi ilikuwa imepanda vile ilikuwa inapanda kila mwaka wakati huo. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba hizo maua zilikuwa zinaharakishiwa siku ya wazungu ya kusherehekea mama zao. Wangu alikuwa anatoka kabla sijaamka. Akirudi jioni anakaa kwa kitanda avue viatu, anavua kimoja, analala na hicho kingine, uso kwa ukuta. Nilikuwa na mama vile mtu huwa na jirani: unajua yuko, unasikia akikohoa.

Ili nisizurure barabarani, alininunulia tablet second-hand huko Naivasha mjini. Ilikuwa ndogo ya kuingia mfuko wa sweta, imepasuka kona moja, na haishiki laini ya simu. Ilikuja na gemu moja tu, ya samaki. Nilicheza hiyo gemu hadi nikawapa samaki majina. Mmoja alikuwa Esther, na tulikuwa tumekosana.

Shida ilikuwa stima. Landlord alikuwa anazima switch kubwa asubuhi watu wakishaenda kazi, anawasha saa kumi na mbili jioni. Kwa hesabu yake, nani anabaki kwa plot mchana? Nilikuwa nabaki mimi.

Shida ya pili ilikuwa intaneti. Hiyo ilikuwa kwa saluni ya Mama Brayo, karibu na posho mill. Siku ya kwanza nilisimama kwa mlango nikaomba password kama mtu anaomba maji.

"Wi-Fi hapa ni ya customer," Mama Brayo akasema.

"Basi mimi ni customer."

Sasa shule yetu ilikuwa inataka wasichana wanyoe nywele zote. Kichwa changu kilikuwa kinang'aa kama sufuria mpya.

"Customer wa nini, mrembo? Nikusuke masikio?"

Wanawake walicheka, mmoja aliyekuwa chini ya drier akacheka hadi rollers zikaanza kuanguka. Nikacheka na wao, na mpaka leo nikiaibika kucheka ndio dawa yangu. Mama Brayo akanihurumia. "Dakika kumi. Na ukae hapo nikuone."

Nilijifundisha ujanja. Unafungua page pale saluni, unangoja ifunguke yote mpaka chini, halafu hugusi kitu. Ukifika nyumbani bado iko, unaweza kuisoma bila intaneti. Lakini ukigusa vibaya, au chaji iishe, imeenda. Basi nilikuwa natembea kutoka saluni nimeishika kwa kingo na mikono miwili kama trei ya mayai. Boda boda walikuwa wanaona ni kama nabeba sakramenti. Nilipeleka nyumbani habari za nyangumi. Nilipeleka jinsi ya kuoka keki bila ovena, na sisi hatukuwa na ovena wala unga.

Siku moja, dakika zangu zikiwa karibu kuisha, niliandika: mama anafanya kazi ya maua Naivasha. Nilitaka tu kuona mahali huwa anaenda. Picha zikaja nyingi, za maua zaidi ya watu. Halafu nikaona moja ya mwanamke ndani ya greenhouse, koti la kijani, kitambaa kwa kichwa, ameinama kwa maua na mgongo uko kwa kamera.

"Mama Brayo! Huyu ni mamangu!"

Akaja na kitana mkononi. "Wewe, mtu utamjuaje na mgongo?"

"Namjua," nikasema. Ukweli ni kwamba huo upande wake ndio nilikuwa naona zaidi.

Nikambeba nyumbani. Ilikuwa saa saba mchana na chaji asilimia arobaini, na ilikuwa lazima mama ajione. Sikucheza gemu, Esther akae njaa. Nililaza tablet kwa kitanda, nikaifunika na leso isipate joto, nikakaa kando. Mvua ikanyesha, ikaisha. Nilianza kumwongelesha yule mwanamke. Nilimwambia nimekula nini, nikamwambia mvua imeingia kwa mlango na nimepanguza. Kila nikifunua chaji ilikuwa imeshuka. Ilipofika asilimia tisa nikaacha kufunua.

Mama alifika kabla ya stima. Hata hakuweka mfuko chini.

"Mercy, umekula?"

"Angalia kwanza! Haraka, inazima!"

"Huyu ni nani?"

"Si ni wewe!"

Aliangalia muda mrefu. Nikaona namba: nne. "Eeh, ni mimi," akasema. "Sasa mbona walinipiga picha nimeinama hivi?" Halafu akafinya batani mbili pamoja, tablet ikalia kama kamera, picha ikahifadhiwa. Mimi injinia wa Karagita, na sikuwa najua hiyo kitu.

Nilimaliza likizo yote na ile picha.

Shule niliachia form two, tusiongee mambo mengi. Nikapata kibarua kwa kampuni ileile, greenhouse, nikapewa koti la kijani. Makoti yalikuwa yanabaki kazini, ndio maana sikuwahi kuona la mama. Nikamwambia supervisor nafurahi kuvaa koti ya mamangu.

"Mamako alikuwa section gani?"

"Packhouse. Kupanga maua."

"Packhouse wanavaa nyeupe. Hao greenhouse hawaingii."

Nikacheka, unajua vile mimi hucheka.

Sijawahi kumuuliza mama. Kwa hiyo plot, mtu akienda kazi alikuwa anaachia jirani mtoto, lakini Aprili ile majirani wote walikuwa kwa maua. Mama alimwangalia yule mwanamke wa picha muda mrefu, mtu hamjui, halafu akamwachia mtoto wake.