Pete za Punda

Mwishoni mwa miaka ya hamsini serikali iliamua kwamba ngome za zamani za Wajerumani zisibomolewe, zihifadhiwe ili watu wazitembelee. Akatafutwa msomi wa kueleza ile ya karibu na bandari. Nikapatikana mimi. Nilikuwa nimerudi kutoka Uganda na diploma ya historia niliyoipata kwa jasho langu, bila mjomba serikalini wala mfadhili. Mtaa wetu wa Kariakoo ulikuwa haujapata kuona kitu kama hicho. Niliitundika sebuleni, mahali ambapo mgeni angeiona kabla hajaona kiti.

Kwa miezi mitatu nilipima kuta, nikachora ramani, nikaandika kibao cha kila chumba. Chumba cha nyuma kilikuwa na pete nene za chuma zilizojengewa ukutani. Nikaandika: "Zizi. Pete hizi zilitumika kufungia punda wa jeshi." Sikumuuliza mtu. Nani Kariakoo angenifundisha historia?

Siku moja kabla ya bwana mkubwa wa idara kuja kukagua, nilimwomba baba aje aone kazi ya mwanawe. Baba alikuwa fundi viatu, hajui kusoma. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu akavaa kanzu yake ya Ijumaa. Njia nzima alitembea polepole, nami nikadhani ni fahari.

Tulipofika chumba cha nyuma nikamsomea kibao kwa sauti.

"Punda?" akauliza.

"Ndiyo, baba. Punda wa jeshi."

Akaitazama pete. Ilikuwa juu ya kichwa chake. "Punda wa huko chuoni kwenu wana shingo za twiga?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alipandisha mkono wa kanzu, akaingiza mkono wake wa kushoto, ule uliopinda kifundo, ndani ya pete. Ukakaa sawasawa. Maisha yangu yote niliambiwa kwamba alianguka kutoka mnazini.

"Viboko hamsa ishirini, yaani ishirini na vitano," alisema. "Wanakufunga uangalie ukuta. Nilizimia nikaning'inia, mkono ukavunjika. Kosa langu nilikataa kuwabebea mizigo ya vita. Walipomaliza, nikabeba vilevile."

Pete ile nilikuwa nimeipima upana, unene na kimo toka sakafuni. Kimo chenyewe kilikuwa kwenye daftari langu, kwa wino, mwandiko mzuri.

"Mbona hukuniambia, baba?"

"Ili ukaseme shuleni baba yako alipigwa kama punda?"

Nikaapa kwamba kisa chake chote nitakiandika pale ukutani. Akautoa mkono, akaishusha kanzu.

"Jina langu usilitie. Nina wateja mimi. Andika watu. Neno moja tu. Au diploma yote ile inashindwa na neno moja?"

Kesho yake bwana mkubwa alisimama mbele ya kibao, rangi haijakauka: "Pete hizi zilitumika kufungia watu." Akaniuliza nimeyasoma hayo katika kitabu gani. Nilikuwa nimesoma vitabu vyote vilivyopatikana juu ya ngome ile, na katika mji huu sikumjua mwingine aliyevisoma vyote. Maneno ya kibao hayakuwemo hata katika kimoja.

"Simama chini ya pete, bwana," nikamwambia, "kisha inua mkono."

Akasimama. Akainua. Kisha akaushusha haraka na kutoka nje.

Kibao kikabaki.