Moshi wa Jiwe la Kijivu

Kila nikikaanga kitunguu saumu hapa Iringa, nakumbuka jiko letu la Makongolosi. Siku moja baba alirudi kutoka mgodini na jiwe la kijivu linalong'aa, zito kwa madini ya aseniki. Akalitia kwenye makaa aone kama lina fedha. Moshi mweupe ukapanda.

"Nani anakaanga kitunguu saumu?" mama aliuliza. "Sisi hatuna."

Baba akashtuka. Mgodini walishaonywa kuwa moshi wa harufu hiyo ni sumu.

"Tokeni nje!"

Akamnyakua mdogo wangu mchanga aliyelala karibu na jiko. Uani mtoto alikuwa kimya, amelegea. Mama akampepea kwa kitenge, akimwita. Mara akapiga chafya, kisha akalia mpaka majirani wakatoka.

Mama akaanza kumbembeleza. Baba alikuwa ameketi vumbini, anacheka huku machozi yakimtoka.

"Mwache alie," alisema. "Mwache tu alie."